Motere inataka hewa gani?

 Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo vijana wetu wanalipenda sana, na ambalo wazazi wengi wanaliona bila kulifahamu.

Katika komini ya Ibanda, tangu Nyawera mpaka Essence, mnasikia mara kwa mara motokari ndogo ikipita na sauti ya kuvuma kama ndege inayotaka kuruka. Ukimuuliza kijana mwenye kuiendesha, atakujibu: "Papa Pasta, tuliiwekea hewa ya baridi. Sasa iko na nguvu, si mchezo!" Ukifungua kapo utaona kwamba sanduku la filtri ya hewa limeondolewa. Mahali pake pamewekwa filtri ya duara yenye sura ya kofia ndefu, ao tiyo ya PVC ile ya mabomba ya maji, imepindishwa kwa moto na kukazwa na waya.

Wazo hilo halikutoka kwa wajinga. Hata viwanda vikubwa vya motokari vinalitumia. Lakini kuna namna ya kulitimiza ambayo inasaidia motere, na kuna namna ambayo inaua motere polepole. Kwa macho namna hizo mbili zinafanana. Na kwetu motokari si kitu cha kuchezea. Kwa jamaa nyingi ni taksi inayolipa minervali ya watoto, ni shamba la baba. Kijana akiiharibu, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo inafaa tufahamu jambo hili vizuri, wazazi pamoja na vijana.

MOTERE INAKULA HEWA KULIKO ESANSI

Watu wengi wanafikiri kwamba chakula cha motere ni esansi tu. Kumbe esansi haiwezi kuwaka peke yake. Ili kilo 1 ya esansi iwake sawasawa, inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Mtauliza: hewa nayo iko na uzito? Ndiyo. Hapa kwetu, metre moja ya hewa kwa upana, kwa urefu na kwa kimo ina uzito wa karibu kilo 1.

Tufanye hesabu. Lita 1 ya esansi ina uzito wa karibu gramu 740. Inataka karibu kilo 11 za hewa. Hizo ni karibu lita 11 000 za hewa, maana yake zaidi ya mapipa 50 ya lita 200. Unaponunua lita 1 barabarani, motere yako itameza pia mapipa 50 ya hewa kabla lita hiyo haijaisha. Hewa yote hiyo inapita katika filtri moja na tiyo moja. Mkumbuke hesabu hii, kwa sababu tutairudia tutakaposema juu ya vumbi.

Sasa, kwa nini baridi? Hewa ikipata joto inapanuka, inakuwa nyepesi. Ikipata baridi inajikusanya, inakuwa nzito. Kila hewa inapopanda kwa digri 3 hivi, motere inapoteza karibu sehemu 1 kwa mia ya hewa yake. Asubuhi hapa Bukavu hewa ya inje inaweza kuwa digri 20. Chini ya kapo, karibu na tiyo ya moshi, hasa motokari inapopanda mlima polepole nyuma ya kamio, joto linaweza kufika digri 60. Tofauti ya digri 40 ni kupoteza karibu sehemu 12 kwa mia. Motere inayovuta hewa hiyo ya moto ni kama mtu anayepanda mlima huku amefungwa kitambaa puani.

Kwetu kuna neno lingine tena. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha karibu metre 1460, na mji umejengwa juu yake, kwenye vilima. Kwenye kimo hicho hewa imepungua. Motere isiyo na turbo inapata hapa karibu sehemu 84 tu za hewa ambayo ingepata kando ya bahari, sawa na kule Mombasa ao Dar es Salaam, kama joto ni moja. Ndiyo maana mashofere wanaoteremka mpaka Uvira wanasema motokari inavuta vizuri zaidi kule, hata kama jua la Uvira ni kali. Kando ya Tanganyika tuko chini ya metre 800, na hewa ni nzito zaidi.

Kwa hiyo kijana anayesema motere yetu ina kiu ya hewa hasemi uongo. Lakini tusidanganyane: hakuna tiyo itakayoteremsha Bukavu mpaka baharini. Kazi ya tiyo ni moja tu, kuzuia motere isivute hewa iliyopashwa moto na motere yenyewe. Ikifanya kazi hiyo vizuri, inarudisha kile kilichopotea kwa joto, hakuna zaidi. Turbo inaweza kusukuma hewa ndani kwa nguvu. Na turbo nayo inapasha hewa moto sana, ndiyo sababu kamio nyingi za mazuti zina radiatere ya pili ya kupoza hewa hiyo kabla haijaingia ndani ya motere.

LABDA TAYARI UNAYO

Hapa vijana wengi watashangaa. Motokari nyingi zinazotufikia kutoka Japani zilitoka kiwandani na tiyo ya hewa baridi. Fungua kapo motere ikiwa imepoa. Tafuta sanduku la filtri, kiisha fuata tiyo inayotoka katika sanduku hilo kuelekea mbele. Mara nyingi inaishia nyuma ya fare, ao juu ya radiatere, mahali ambapo hewa ya inje inaingia bila kupita kwenye motere. Katikati ya tiyo utaona pengine kisanduku kilichovimba ambacho hakina kitu ndani. Kiliwekwa ili kupunguza kelele.

Lakini motokari ya okazyoni inapofika kwetu, tiyo hiyo mara nyingi imevunjika ao imepotea. Ilitolewa siku moja katika garaje ili mkono wa fundi upite, na haikurudishwa. Tangu siku hiyo sanduku linavuta hewa ya moto, na mwenye motokari hana habari. Basi, kwa watu wengi kazi ya kweli ni kurudisha kile kilichokosekana. Kuvumbua kitu kipya si lazima.

Na ile sauti ya kuvuma? Inatokea kwa sababu sanduku na kile kisanduku cha kupunguza kelele vimeondolewa. Sauti si nguvu. Filtri ya kofia iliyofungwa wazi chini ya kapo inavuta hewa ya moto kuliko sanduku la kwanza. Kijana amelipa dola zake ili motere ipige kelele zaidi na kupata hewa mbaya zaidi. Masikio yanamwambia kwamba inakimbia, lakini akipima mwendo wake kwenye mlima mmoja, na mzigo mmoja, ataona kwamba hakuna kilichoongezeka.

ADUI MKUBWA KULIKO JOTO

Sasa tunafika kwenye neno lenyewe. Ulaya, mahali ambapo barabara ni za lami, mtu anaweza kufikiri juu ya baridi tu. Sisi tuna vumbi. Tangu mwezi wa 6 mpaka mwezi wa 8, ukitoka Bukavu kwenda Walungu, Burhale, Mwenga mpaka Kamituga, ao ukielekea upande wa Kalehe na Nyabibwe, majani kando ya barabara yanageuka rangi. Kamio moja ikipita, huoni tena mbele. Hewa hiyo ndiyo motere inameza, mapipa 50 kwa kila lita.

Ndani ya vumbi la barabara zetu mna chembe za kwarsi, lile jiwe jeupe na gumu ambalo wachimbaji wanalijua sana kwa sababu mara nyingi zahabu inakaa ndani yake. Kwarsi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zake ndogo sana, zile ambazo jicho halizioni, zikipita katika filtri zinafika kwenye mafuta ya motere. Mafuta yanageuka kuwa kama dawa ya kusugulia. Yanakula silinda, yanakula pete za pistoni, zile mafundi wanaziita segma. Mwanzoni husikii kitu. Kiisha motere inaanza kula mafuta. Kiisha moshi wa buluu unatoka nyuma. Mwishoni asubuhi haitaki kuwaka, na fundi anasema: "Inapashwa kufunguliwa." Bei ya kufungua motere wazazi wanaijua.

Kwa hiyo, kwa barabara zetu, sheria ni hii: hewa safi kwanza, hewa baridi nyuma yake. Motere inayovuta hewa ya moto inapoteza nguvu kidogo. Motere inayovuta vumbi inapoteza maisha.

Tazameni Land Cruiser za mashirika na za makampuni ya madini. Nyingi zina tiyo nyeusi inayopanda kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa. Watu wengi wanafikiri ni kwa kuvuka mito tu. Ni kweli inasaidia kwenye maji, lakini wakati wa jua inasaidia zaidi kwenye vumbi, kwa kuwa hewa ya juu ya paa ina vumbi kidogo kuliko hewa iliyo karibu na magurudumu. Tena ni hewa ya inje, haikupashwa moto. Tiyo moja inafanya kazi mbili.

Hata watu wa mashindano walijua jambo hili. Rali ya Safari ya Afrika Mashariki ilianza mwaka wa 1953. Mwaka wa 1994 Ian Duncan wa Kenya aliishinda akiendesha Toyota Celica. Katika miaka ile ya 1990 motokari za mashindano hayo zilifungwa tiyo ndefu inayopanda kando ya kioo, ingawa zilikuwa motokari za mbio. Wale watu walitafuta mwendo kuliko kijana yeyote wa Nyawera, lakini hawakukubali kuuza usafi wa hewa kwa kutafuta sauti.

GUSA MBELE YA FILTRI, USIGUSE NYUMA YAKE

Kijana, kama utasahau yote mengine, ushike neno hili. Njia ya hewa ina sehemu mbili, na filtri iko katikati. Sehemu ya kwanza inatoka inje mpaka kwenye filtri. Sehemu ya pili inatoka kwenye filtri mpaka ndani ya motere.

Ukifanya kosa katika sehemu ya kwanza, tundu dogo ao kiungo kisichokazwa, hasara ni ndogo: hewa ya moto kidogo itaingia, lakini filtri bado inalinda. Ukifanya kosa hilo hilo katika sehemu ya pili, vumbi linaingia ndani moja kwa moja, na hata filtri ya bei kubwa haitakusaidia kitu. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele.

Tena, katika motokari za sindano za umeme, sehemu hiyo ya pili mara nyingi ina kidude kinachopima hewa, ambacho mafundi wanakiita kaptere. Kompyuta ya motokari inapima esansi kwa kufuata habari ya kidude hicho. Kiwanda kilikipanga kulingana na unene wa tiyo yake. Ukibadilisha unene huo, kinatoa habari ya uongo, na kompyuta inaweka esansi isiyo ya kipimo. Waya wake ni mwembamba sana, tena unachafuka upesi na vumbi ao mafuta. Basi usikiguse.

Kazi yote ya mikono yako ifanyike katika sehemu ya kwanza tu. Sanduku la kiwanda libaki, filtri ya karatasi ibaki, kifuniko kifungwe na vibanio vyake vyote.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, chagua mahali pa kuvutia hewa. Pazuri ni nyuma ya fare ao pembeni karibu na bawa la motokari, juu, mbali na radiatere na tiyo ya moshi. Usiteremshe mdomo wa tiyo mpaka chini kwenye bampa. Vijana wengine wanafanya hivyo kwa kuwa chini kuna baridi. Lakini mvua kali inaposhuka kutoka vilimani, barabara za chini za mji wetu zinageuka mito. Motere ikivuta maji, pistoni haiwezi kuyakandamiza kama inavyokandamiza hewa. Biyele inapinda ao inavunjika palepale, na motere imekwisha kwa dakika moja.

Pili, chagua kitu cha kutengenezea. Tiyo ya PVC ni rahisi kupata, lakini inaanza kulainika kwenye digri 80 hivi. Karibu na tiyo ya moshi itapinda na kuziba, na ikishika moto inatoa moshi wenye sumu. Kama huna kingine, itumie mbele kabisa, mahali penye baridi, si karibu na motere. Bora ni kaushu nene, ao bati la aluminiumu lililokunjwa vizuri na fundi wa mabati. Bora kuliko yote ni tiyo ya kiwanda, ya motokari ya namna moja na yako, iliyotolewa katika motokari iliyokufa. Tafuta kwa wanaouza vipande vya okazyoni kabla ya kukata kitu chochote.

Tatu, pima. Tiyo isiwe nyembamba kuliko mdomo wa sanduku. Isiwe na kona kali, maana hewa inapenda njia yenye kupinda polepole. Kabla ya kukata, tengeneza mfano kwa karatasi ngumu, uuweke mahali pake, ufunge kapo uone kama inafungika.

Ine, sugua kila mahali ulipokata mpaka pawe laini, kiisha osha tiyo ndani na kuikausha. Vipande vya bati na unga wa PVC vikibaki ndani vitakwenda moja kwa moja kwenye filtri.

Tano, funga vizuri. Motere inatikisika, bodi ya motokari inatikisika namna nyingine. Kwa hiyo weka kipande cha kaushu kati ya tiyo yako na sanduku, kukiwa na koliye ya kukaza kila upande. Usitumie waya wala kamba. Acha nafasi ya upana wa mkono kati ya tiyo na feni, mikanda, na tiyo ya moshi.

Sita, weka wavu kwenye mdomo, wenye matundu makubwa kiasi, ili kuzuia majani na mifuko ya plastiki. Wavu wa matundu madogo sana utazibwa na matope. Mahali pa chini kabisa pa tiyo, mbele ya filtri, toboa tundu dogo la kutoa maji ya mvua.

Saba, jaribu. Chukua kipimo cha joto cha bei ya chini, ukifunge kwenye mdomo wa sanduku, uendeshe katika kusongamana kwa motokari na kwenye mlima. Fanya hivyo kabla ya kazi na baada yake. Kama joto limeshuka, umefaulu. Kama halikushuka, usijidanganye kwa sauti.

Neno moja juu ya esansi. Watu wengine watakuambia kwamba hewa baridi inapunguza matumizi. Si hivyo. Hewa ikiongezeka, esansi nayo inaongezwa ili zilingane. Unapata nguvu kidogo unapokanyaga sana, kama kwenye mlima na mzigo. Ukitaka kupunguza esansi, pima upepo wa mipira, ondoa mzigo usio wa lazima, na uinue mguu.

FILTRI NAYO INA MASHARTI YAKE

Msifurahie tiyo mkasahau filtri. Wakati wa jua, mwenye kufanya njia ya Kamituga aiangalie kila anaporudi. Wengi wanaipuliza na kompresa kutoka inje kwenda ndani, kwa nguvu yote. Hiyo inaingiza vumbi katika karatasi na kuitoboa. Kama unapuliza, puliza kutoka upande wa ndani kwenda inje, kwa upepo mdogo na kwa mbali. Filtri ya karatasi haioshwi na maji wala na esansi. Weka taa nyuma yake gizani. Ukiona tundu hata dogo la mwanga mkali, itupe. Na kama mwanga haupiti kabisa, imeziba, itupe pia.

Kuna mtihani mwingine usiolipwa. Chukua kitambaa cheupe, upanguse ndani ya tiyo iliyo nyuma ya filtri. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, hewa inapita mahali pasipofaa. Usiendeshe tena mpaka umepata mahali hapo. Baba mwenye taksi, ufanye mtihani huo wewe mwenyewe mbele ya shofere wako, mara moja kwa mwezi. Ni dakika 5.

KWA WALE WENYE MASHINI ZA MAWE

Wasomaji wetu wa Kamituga na machimbo mengine watasema: "Sisi hatuna motokari." Lakini wengi wana motere: ya pompe ya maji, ya grupu ya umeme, ya mashini ya kusaga mawe ya zahabu. Motere ya mashini ya mawe ndiyo inayoteseka kuliko zote, kwa kuwa inakaa ndani ya wingu la kwarsi iliyosagwa tangu asubuhi mpaka jioni.

Hapo tiyo ya mikono yetu inafaa sana. Peleka tiyo ndefu kutoka kwenye filtri ya motere mpaka inje ya kibanda, upande upepo unakotoka, na mdomo wake uwe juu na ufunikwe ili mvua isiingie. Tiyo ikiwa ndefu, iwe nene zaidi, ili motere isipumue kwa shida. Sheria ni ile ile: mbele ya filtri, si nyuma yake. Zamani Land Rover zilikuwa na filtri yenye mafuta ndani, ambapo hewa inagonga mafuta na kuacha vumbi lake. Filtri za namna hiyo, kama mnaziona bado kwenye motere za kale, zinafaa sana kwenye vumbi, kwa sharti mafuta yabadilishwe mara yanapokuwa matope.

Lakini, ndugu wapendwa, sitaki kuishia kwenye motere. Kando ya mashini hiyo mna watu. Kule Kamituga mna mama zetu wanaotwanga mawe kwa mikono, wale wanaoitwa twangeuses, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni ao kando yao. Vumbi ni lile lile. Chembe ambazo zinakula chuma cha silinda zinaingia katika mapafu, na humo hazitoki. Zinafanya vidonda vinavyokauka na kuwa vigumu, mpaka mtu anakosa pumzi hata akiwa amekaa. Waganga wanaita ugonjwa huo silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, na mtu aliye nao anashikwa upesi na kifua kikuu.

Motere ikiharibika tunaifungua, tunabadilisha segma, inawaka tena. Mapafu hayafunguliwi na fundi. Ikiwa tunaelewa kwamba motere ya dola 300 haiwezi kuvuta vumbi la kwarsi bila filtri, tutasema nini juu ya mama aliyetuzaa?

Kinachosaidia zaidi si kitambaa puani, kwa kuwa kitambaa cha kawaida hakizuii zile chembe ndogo kabisa. Kinachosaidia zaidi ni maji. Lowesha mawe kabla ya kuyatwanga, na uyaloweshe tena katikati ya kazi. Vumbi lililolowa haliruki. Fanyia kazi mahali wazi, upepo ukitoka mgongoni kwako. Mtoto asikae karibu. Nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba ya kulala. Mwenye mashini amwage maji kwenye mawe yanaposagwa, na awanunulie wafanyakazi wake maski za vumbi za kweli. Kijana aliye tayari kutoa dola kwa ajili ya filtri ya kofia, atangulie kuchota bidoni moja ya maji kwa ajili ya mama yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika motokari ao motere ya jamaa yetu, hewa inaingilia wapi? Nani aliiangalia mara ya mwisho?

2. Kijana wetu akitaka kubadilisha kitu katika motokari, anafanya hesabu pamoja na sisi kwanza, ao tunajua baadaye?

3. Nani katika nyumba yetu anafanya kazi ndani ya vumbi? Tangu juma hili tutafanya nini ili apate hewa safi?

Muwe na amani, na Bwana awalinde njiani na kazini.